Saini yangu iko pale chini, nitasemaje sikukubali?

BARUA

Salamu mshauri,

Naomba usilitaje jina langu, maana mama mkwe huisoma safu hii kuliko hata mimi.

Nina miaka 46 na watoto watatu. Nashona sare za shule pale Kariobangi Light Industries. Nina mashine sita na wasichana wanne ninaowalipa kwa idadi ya nguo. Nyumba yetu iko Ruai, kwenye ploti ambayo mume wangu aliinunua kabla watu hawajaukimbilia upande ule wa Kangundo Road. Tulijenga kidogo kidogo, mwaka huu ukuta, mwaka ujao mabati, na pembeni tukaongeza vyumba vinne vya kupangisha.

Mwaka 2022 tulikopa benki shilingi 2,400,000 za kulipa kwa miaka mitano, 56,000 kila mwezi, tumalizie vyumba na tuongeze mashine. Hatimiliki, ambayo ina jina la mume wangu, ikawekwa rehani. Mashine nazo zikaandikishwa kama dhamana. Shemeji yangu akawa mdhamini. Mimi niliitwa kwa wakili mmoja mjini nikasaini kwamba kama mke nimekubali. Tulikaa pale kama dakika kumi, wakili akiongea na simu, nami nikitia saini kila palipowekwa alama ya penseli.

Tulilipa zaidi ya miaka miwili. Kisha shule mbili nilizozishonea zikaanza kunizungusha: leo karo haijaingia, kesho bodi haijakaa. Nazidai zaidi ya 600,000. Kwetu imekuwa miezi minne bila kulipa, isipokuwa 30,000 tulizopeleka mara moja.

Wiki mbili zilizopita dalali alinipigia simu. "Mama, tafuteni pa kuhamia, baada ya siku kumi na nne nyumba inaenda." Nikamwambia hatujapata barua yoyote. Akacheka, akasema barua zilitumwa kwa anwani tuliyoiandika wenyewe, na kwamba hata zisingetumwa, niisome namba 17 ya mkataba wetu. Anwani tuliyoiandika ni sanduku la posta la kiwanda cha Ruaraka alikofanya kazi mume wangu hadi 2023. Binti yetu aliye chuoni akatufafanulia hiyo namba 17: mkopaji anaachilia haki ya kupewa notisi yoyote inayotakiwa na sheria, na hataishtaki benki kwa namna itakavyouza dhamana. Chini kuna saini ya mume wangu, na kwenye karatasi inayofuata ipo yangu. Hakuna aliyetughushi.

Zile siku kumi na nne zilipokaribia kwisha, afisa wa mikopo alikuja nyumbani jioni. Kijana mwenye adabu, alikunywa chai na kuuliza watoto wanasomea wapi. Alisema amemwomba dalali asubiri kidogo kwa sababu anataka kutusaidia. Alitoa karatasi mpya. Tukiisaini, tunakiri deni lote, wanasema limefika 1,730,000, tunaachilia notisi kwa mara nyingine, halafu tunauza nyumba wenyewe kwa mnunuzi ambaye tayari yupo, kwa 4,500,000. Benki itachukua chake, nyumba haitatangazwa gazetini, hakutakuwa na aibu. Jirani yetu aliuza mwaka jana nyumba kama yetu, tena isiyo na vyumba vya kupangisha, kwa 7,000,000. Nilipomtajia hilo, afisa akasema hiyo ni bei ya mtu asiye na deni.

Ametupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Mume wangu anataka tusaini. Ni mzee wa kanisa na hajawahi kudaiwa hata na muuza maziwa. Ananiambia, "Saini ni mdomo wa mtu. Ukishasema umesema. Tutaenda kortini kusema nini, kwamba hatujui kusoma?" Shemeji hunipigia usiku kutaka kujua kama madalali watafika kwake. Mimi nikilala naziona zile alama za penseli.

Sitaki kuwa mkopaji mjanja anayekula pesa za watu kisha anatafuta mwanya. Lakini moyo wangu unakataa karatasi ile. Nikimpinga mume wangu tukapoteza nyumba kwa mnada, nitamtazama vipi? Na nikikubali, nitajitazama vipi? Je, mtu aliyekwisha kusaini ana neno lolote la kusema?

*Mama wa Cherehani, Nairobi*

JIBU

Dada yangu,

Nimekwama pale penye penseli kama wewe. Kabla ya kushika kalamu hii nilikaa miaka mingi nyuma ya meza ya mikopo, na alama hizo nimeziweka kwa mkono wangu, msalaba mdogo pembeni mwa mstari ili mteja asitupotezee muda. Sikuwahi kufikiri zinaweza kumfuata mtu hadi kitandani. Basi nikulipe kidogo kwa kukueleza ninachokijua, ingawa mimi si wakili wako na faili yenu sijaiona.

Nikikusikia vizuri, unauliza mambo matatu kwa pumzi moja. La kwanza ni kama saini ya 2022 imewafunga midomo. La pili ni kama msaini hii mpya. La tatu, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, ni namna ya kumpinga mume anayesimamia neno lake bila kumfanya aonekane mjinga wala wewe kuonekana mwizi.

Nianze na hiyo namba 17. Ndani ya mkataba mmoja mnaweza kuwa mmetoa ahadi za aina mbili. Mliahidi kurudisha pesa, na ahadi hiyo ni yenu kabisa, hakuna atakayewavua. Ya pili ni hii ya kwamba mnaweza kuuziwa nyumba bila kuambiwa, na kwamba hamtauliza iliuzwaje. Hiyo sheria ya Kenya haikuwaachia muitoe. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inamtaka anayeuza ardhi iliyowekwa rehani atafute bei bora inayoweza kupatikana kwa njia ya haki, na apate ripoti ya mthamini kabla ya kuuza. Kisha inasema kwamba jaribio lolote la mkopeshaji la kujiondolea wajibu huo, liwe kwenye hati ya rehani, kwenye mkataba wa pembeni au kwa njia nyingine yoyote, ni batili. Kusema kwamba halina nguvu mkisaini bila kuelewa kungekuwa kidogo. Hata mngelisoma mara mia na kulielewa, hali ni ileile.

Kuhusu notisi, sheria hiyohiyo imeweka hatua ambazo benki haiwezi kuziruka kwa sababu tu ina haraka. Kwanza lazima mwezi mzima upite tangu mkose kulipa. Ndipo inakuja notisi ya maandishi ya siku 90 inayoeleza mmekosa nini na mlipe kiasi gani kurekebisha. Hizo zikiisha, notisi nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na nakala yake si ya mume wako peke yake. Mke aliyetoa ridhaa anatakiwa kupelekewa, na huyo ni wewe. Mdhamini anatakiwa kupelekewa, na huyo ni shemeji. Hata wapangaji wenu wa vyumba vinne wana nakala yao, na nyingine inabandikwa kwenye ploti mahali pa kuonekana. Baada ya hapo dalali, chini ya kanuni zao za 1997, huleta notisi yake ya siku 45 kabla ya mnada wa ardhi.

Sasa chukua kalenda. Unasema miezi minne. Toa mwezi mmoja, ongeza 90, na hata kama benki iliandika barua siku ileile iliyoruhusiwa, hizo 40 ndiyo kwanza zingekuwa zinaanza. Siku kumi na nne za dalali zinatoka wapi? Mimi sizioni, labda kama kuna miezi mingine mliyochelewesha zamani ambayo hukuiandika hapa. Kama ipo, usimfiche wakili mtakayemwona. Hesabu yangu yote inategemea hiyo miezi minne.

Lakini swali ambalo ningependa mlikalie pamoja na mzee, mkiwa mmetulia, ni jingine. Kama namba 17 ingetosha kuuza nyumba yenu, kijana alipanda matatu hadi Ruai kutafuta saini ya nini?

Mtu mwenye ufunguo hagongi mlango. Karatasi mpya inatafutwa kwa sababu ya zamani haifiki inakotakiwa kufika. Tazama pia inachokifanya: inabadilisha muuzaji. Benki ikiuza, mzigo wa bei uko mgongoni mwake. Nyumba ikienda kwa robo au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inaanza kwa kudhani kwamba benki imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo, na ninyi mnaweza kuiomba mahakama iutangaze uuzaji huo batili. Kama jirani alipata 7,000,000, robo chini yake ni 5,250,000, nanyi mnaletewa 4,500,000. Ila mkiuza wenyewe kwa hiari, kwa mkono wenu, nani atalaumiwa kwa bei? Ulinzi wa kifungu cha 97 unaiangalia benki inapouza, haumwangalii mtu anayeuza chake kwa bei anayotaka. Hiyo ndiyo sababu moyo wako ulikataa, nadhani, hata kabla hujajua jina la sheria.

Simwiti kijana tapeli. Nimekuwa yeye. Huenda anaamini kwa dhati kwamba anawaokoa na mnada, na kweli minada huuza kwa bei ya chini na gharama zake hukatwa kwenye pesa zenu. Huenda pia ana bosi anayemuuliza kila Jumatatu amekusanya ngapi. Muulizeni tu kwa upole mnunuzi ni nani, nyumba ilithaminiwa lini na mthamini yupi, na pesa zitakazobaki zitaingia akaunti ya nani na baada ya siku ngapi. Hukuniambia karatasi inasema nini kuhusu salio, nami naogopa kwamba haisemi kitu. Deni la 1,730,000 likitoka kwenye 4,500,000 inabaki 2,770,000. Benki ikiuza yenyewe, sheria inaitaka iwarudishie kinachobaki baada ya deni na gharama. Kwenye mauzo yenu wenyewe, kitakachowalinda ni kile kilichoandikwa.

Mzee wako akikuambia hizi ni hila za wakopaji wa siku hizi, mpe kisa cha zamani kidogo. Mwaka 1762 huko Uingereza, jaji mmoja, Lord Northington, alisema kwenye kesi ya rehani kwamba watu wenye dhiki, kwa kusema kweli, si watu huru. Ili kuzima shida ya leo hukubali sharti lolote ambalo mjanja atawawekea. Tangu enzi hizo imekuwa kawaida kwa mahakama kutokubali mkopaji aachie, siku ile anapokopa, haki ya kuja kuikomboa mali yake. Marekani, kanuni zao za biashara zinaorodhesha kabisa haki ambazo mkopaji hawezi kuzitoa kwenye mkataba wa dhamana ya mali inayohamishika, na chache zinazoweza kuachwa huachwa tu baada ya kushindwa kulipa, kwa makubaliano mapya. Kielelezo cha sheria za dhamana kilichotolewa na tume ya Umoja wa Mataifa mwaka 2016 nacho kinasema kabla ya kushindwa kulipa hakuna kuachilia. Umeona pale pa "kabla" na "baada"? Anayekopa anaitazama pesa tu, mnada hauoni. Aliyekwisha kushindwa angalau anaiona nyumba anayoitoa, kwa hiyo saini yake huaminiwa zaidi. Kwa hiyo usijifariji kwamba karatasi mpya nayo mtaipangua baadaye kama ya zamani. Huenda ikawa ngumu zaidi, kwa sababu safari hii mtakuwa mmesaini mkiwa macho.

Nije kwa mzee. Umemwandika kama mtu anayetaka kukubali haraka, nami nimejiuliza kama kweli ni msimamo au ni uchovu. Mwanamume asiyewahi kudaiwa na muuza maziwa, leo dalali anampigia mkewe simu! Huenda anachokimbia si korti bali tangazo la gazeti, jina lake likisomwa na waumini Jumapili. Je, umemuuliza hivyo? Si lazima umwambie amekosea kuhusu saini. Yuko sahihi kwa lile deni. Msiposema neno lolote la kulipa, mkasimama tu kwenye notisi, hapo ndipo mtafanana na yule mkopaji mjanja unayemwogopa. Kudai barua ya siku 90 huku mnapeleka mnachoweza hakumvunjii mtu heshima. Ni kusema tu kwamba naye mwenzetu ashike zamu yake.

Nisikudanganye kwa upande wa pili. Haki hizi hazifuti deni hata shilingi. Zinawapa muda na zinawapa bei, basi, na muda wenyewe una riba ndani yake. Wengi hukimbilia ile sheria ya benki kwamba riba haiwezi kulizidi deni la msingi lililokuwepo mkopo ulipoanza kuhesabiwa kama mbovu. Ipo tangu 2007 na ni nzuri, ila kwenu bado iko mbali. Mkiingoja iwaokoe mtakuwa mmekwisha kumezwa. Cha karibu zaidi ni kuomba taarifa kamili ya akaunti. Kwa hesabu yangu ya harakaharaka, msingi uliobaki huenda uko kati ya 1,400,000 na 1,600,000, kutegemea mlilipa miezi mingapi. Hizo nyingine ni riba, faini au "gharama" gani? Mna haki ya kuziona mstari kwa mstari.

Korti ipo. Wakili anaweza kuomba agizo la kusimamisha mnada pale Milimani. Majaji wa Kenya hupima mambo matatu tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kama una kesi yenye mashiko, kama utapata hasara isiyolipika kwa pesa, na mizani ikisitasita, nani ataumia zaidi. Notisi iliyorukwa ni hoja nzito. Kubishania tu kiasi cha deni si hoja ya kusimamisha mnada, wengi wameumia hapo. Jaji pia anaweza kuwaamuru mlipe sehemu ya malimbikizo mkitaka agizo lidumu, kwa hiyo msiende na mifuko mitupu. Na kesi ni ghali. Kituo cha Sheria na FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, husaidia wasiomudu, na tangu 2016 kuna upatanishi unaosimamiwa na mahakama yenyewe, ambako mtu kama mzee wako anaweza kuongea bila kujiona kizimbani. Kuhusu ile ridhaa yako ya dakika kumi: sheria inataka mke akubali ndipo nyumba ya familia iwekwe rehani, na wakili anaweza kutaka kujua ulielezwa nini. Lakini ulisaini, na mimi nisingeiweka mbele kama ngao ya kwanza.

Ipo njia ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja, ya kuuza wenyewe lakini kwa bei yenu. Mnamwandikia meneja, si afisa, kwamba mnaomba miezi kadhaa ya kutafuta mnunuzi kwa bei ya soko, mthamini wenu mkononi, wakili wa mnunuzi akiahidi kuilipa benki moja kwa moja. Hatari yake ni kwamba soko la Ruai linaweza kuwazungusha kama zile shule, na saa ya riba haisimami. Au mnauza kipande tu, kama ploti inagawika na benki ikubali. Au mnaomba mkopo upangwe upya kwa awamu ndogo, huku kodi ya vyumba vinne ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo; benki hupenda kuona pesa inayotembea yenyewe. Hatari ya hiyo ni miaka zaidi ya deni, na mwandiko mdogo chini ya karatasi. Naomba safari hiyo hakuna penseli.

Halafu zile shule. Samahani, nitasema kama mtu wa mikopo: mna 600,000 nje na malimbikizo ya kama laki mbili ndani. Deni lisilozidi milioni moja linaweza kudaiwa Mahakama ya Madai Madogo bila wakili. Najua unaogopa kupoteza wateja. Lakini hao wateja ndio wanaokaribia kukupotezea nyumba, na barua moja ya kudai, iliyoandikwa kwa heshima na kupelekwa kwa mkono, mara nyingine hufanya bodi ikae wiki hiyohiyo.

Mashine nazo zisisahaulike. Ni mali inayohamishika na zina sheria yake ya 2017, ambayo pia hutaka notisi ya kukosa kulipa kwanza. Dalali anapaswa kuziorodhesha na kuwapa siku saba za kukomboa kabla ya kuzibeba. Akija na lori bila orodha, usipigane naye, na wasichana wasipigane naye. Mpige picha, muulize barua ya kumtuma, piga simu.

Shemeji mwambie ukweli wote mara moja, mchana, akiwa na mkewe. Simu za usiku hutokana na kujua nusunusu. Yeye naye ana nakala anayodai, na akiwa upande wenu atakuwa shahidi kwamba haikufika.

Ijumaa ikifika kabla hamjaamua, mnaweza kumwambia kijana kwamba mnampelekea wakili karatasi ndipo mjibu. Ofa ya kweli huvumilia wiki moja zaidi. Isipovumilia, mtakuwa mmejua kitu kuihusu.

Na kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote kwamba hamkupata barua, nenda Posta. Notisi iliyotumwa kwa anwani mliyoiandika wenyewe inaweza kuhesabika kwamba imefika, hata kama mlikwisha kuhama anwani hiyo tangu 2023. Lile sanduku la Ruaraka, nani ana ufunguo wake siku hizi? Mtafuteni mtu huyo, lifungueni, mpige picha bahasha zote na mihuri yake ya tarehe kabla hamjazipasua, na kesho hiyohiyo mwandikieni meneja anwani yenu mpya, nakala mkagongewe muhuri wa kupokelewa. Kalenda yangu ya hapo juu inaanza kuhesabika kutoka kwenye muhuri huo.